Parkinson: Mzee Anayetetemeka Naye Anyanyue Uzito

Katika nyumba nyingi za Pwani, mzee akianza kutetemeka mkono na kuburuta mguu, huwekwa kitini. Maji huletewa, viatu huvishwa, sokoni hatumwi tena. Ni heshima na huruma, lakini mgonjwa wa Parkinson humdhuru. Msuli usiotumika hulegea, naye hana nguvu za kupoteza.

Ugonjwa huu umepewa jina la James Parkinson, daktari wa London aliyeueleza mwaka 1817. Chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo wa mwili, hufa kidogo kidogo. Mkono hutetemeka hata ukiwa umetulia, viungo hukakamaa, hatua hufupika. Si kiharusi, ambacho huja ghafla, wala si uzee tu. Dawa ya levodopa husaidia sana, ila misuli iliyolegea kwa kukaa haiponi kwa kidonge.

Uchunguzi unaotajwa sana ni ule wa Chicago, Marekani, uliochapishwa 2013 na Daniel Corcos na wenzake. Wagonjwa 48 waligawanywa makundi mawili, wote wakifanya mazoezi mara mbili kwa wiki kwa miaka miwili. Kundi moja lilinyanyua uzito ulioongezwa kadiri nguvu zilivyopanda. Jingine lilifanya mazoezi mepesi ya kujinyoosha na kusimama imara. Baada ya miezi sita walikuwa karibu sawa. Baada ya miaka miwili, walipopimwa kabla ya kunywa dawa, dalili za walionyanyua uzito zilikuwa nafuu zaidi, kwa tofauti ya alama 7 hivi.

Hapa tusitie chumvi. Taarifa ya pili ya uchunguzi huohuo, ya 2015, iliangalia shughuli za mwili kama kuinuka kitini, kutembea na kusimama bila kuyumba. Makundi yote mawili yaliimarika, na halikuonekana moja lililoshinda. Kwa hivyo asiye na vyuma asikate tamaa. Wala hakuna aliyepona. Ugonjwa bado hauna tiba ya kuumaliza.

Nyumbani, zoezi lenye faida kuliko yote nadhani ni kuinuka kitini bila kushika mikono na kuketi tena polepole. Kiti kiegemee ukuta. Anayeweza mara tano leo, wiki ijayo ajaribu saba. Ikiwa rahisi, akumbatie chupa ya maji ya lita moja, ambayo ni kilo moja, kisha ya lita mbili. Kusimama kwa vidole vya miguu huku ameshika dirisha huimarisha miguu kwa ngazi za nyumba zetu za Mji wa Kale. Siri ni kule kuongeza: uzito uleule mwaka mzima haujengi msuli.

Afanye wakati dawa imekolea, mtu akiwa karibu, asibane pumzi. Presha ya baadhi ya wagonjwa hushuka wanaposimama ghafla, kwa hiyo akitoka kitandani akae kwanza ukingoni. Mwenye maradhi ya moyo, au aliyekwisha kuanguka, aonwe na daktari na mtaalamu wa mazoezi ya viungo kabla ya kuanza. Na akiomba kujifunga vifungo vya kanzu mwenyewe, hata ikichukua robo saa, mwacheni.