Gigahezi 3.8 au 3.4? Kisa cha Kariakoo na historia yake

Nimekuwa kimya, UE zilitubana kwelikweli. Sasa tumepumua, boom limetoka, na leo nina kisa.

Jumamosi mimi na mshkaji wangu wa geto tulikwenda Kariakoo kutafuta mashine ya kufanya seva ya nyumbani. Iwake usiku na mchana, itunze notsi zetu na projekti yake ya mwaka wa mwisho. Muuzaji akatuwekea mbili. Moja ya zamani, prosesa ya gigahezi 3.8. Nyingine changa zaidi, gigahezi 3.4, na bei imezidi. "Dogo, namba si unaziona? Beba yenye kubwa." Mshkaji akaanza kuhesabu noti. Nikamshika mkono.

Kwa nini? Kwa sababu mtego huo ulinasa watu wengi sana miaka ya 2000.

Gigahezi moja ni mipigo bilioni moja kwa sekunde. Machi 2000 AMD na Intel walifika hapo wakipishana siku mbili tu, AMD mbele. Novemba mwaka huohuo Intel wakatoa Pentium 4 ya gigahezi 1.4 na 1.5. Ili mipigo iende mbio, kazi ndani yake ilikatwakatwa katika hatua 20. Matokeo yake kila mpigo ulifanya kazi kidogo, na kwenye baadhi ya programu Pentium III ya gigahezi 1 iliipita! Ni kama kutembea na mtoto: miguu yake inakwenda haraka kuliko yako, lakini wewe ndiye unayemsubiri.

AMD nao wakaona wateja wanasoma namba tu. Oktoba 2001 Athlon XP ya gigahezi 1.53 wakaibatiza 1800+. Ujanja wa mjini huo. Lakini Aprili 2003 wakaleta kitu cha maana, Opteron ya seva: biti 64, na bado inaendesha vizuri programu za zamani za biti 32. Itanium ya Intel, ya 2001, ilikuwa biti 64 pia, ila programu za zamani zilisuasua humo. Mwaka 2004 Intel wenyewe wakaifuata njia ya AMD.

Mwaka huo ndio mbio za namba zilipogonga ukuta. Februari ilitoka Pentium 4 ya hatua 31, na joto likawa tatizo kubwa. Intel walikuwa wameahidi gigahezi 4. Oktoba wakaifuta, na mkuu wao, Craig Barrett, akapiga magoti jukwaani kwa utani kuomba radhi. Pentium 4 ikaishia 3.8, ikiwa ya wati 115. Julai 2006 ikaja Core 2 Duo, yenye asili kwenye Pentium M ya laptop. Ile ya gigahezi 2.4 ilikuwa na viini viwili, wati 65 tu, na ikamwacha mzee wa 3.8 mbali.

Kwa hiyo nikamuuliza muuzaji: hizi ni za mwaka gani, viini vingapi, wati ngapi? Gigahezi hulinganishwa kwa prosesa za ukoo mmoja tu. Akacheka, "Wewe mwalimu nini?" Tukageuza maboksi, tukasoma wenyewe. Ile ya 3.8 ilikuwa na viini vichache na wati 60 zaidi. Piga hesabu: wati 60 zikifanya kazi saa 24 kwa siku 30 ni uniti 43 za LUKU. Na geto letu LUKU tunachangishana kwa kugombana.

Tukabeba ya 3.4. Boom limepungua vibaya, wiki hii ni wali maharage asubuhi na jioni. Mshkaji bado ananinunia, eti nimemnyima 3.8.

Sibishani naye. Mwisho wa mwezi LUKU itaongea yenyewe. Haya, baadaye wadau!