"Without You": Kibao kilichowanufaisha wengine

Ukiutaja wimbo "Without You", wengi humkumbuka Mariah Carey. Wenye umri mkubwa kidogo watakutajia Harry Nilsson. Pete Ham na Tom Evans hutajwa kwa nadra, nao ndio waliotunga.

Ham alizaliwa Swansea, Wales. Evans alitoka Liverpool. Bendi yao, The Iveys, iliingia mkataba na Apple, kampuni ya Beatles, mwaka 1968, kisha ikajiita Badfinger. Ham alikuwa na beti nzuri zilizokosa kiitikio cha maana, na Evans alikuwa na kiitikio kinachotafuta beti. Wakaviunganisha na kuuweka wimbo katika albamu yao ya 1970, No Dice. Hawakuutoa peke yake kama santuri ndogo. Ukiusikiliza leo walivyoupiga wao, utawaelewa: magitaa yametawala, na kile kilio cha kiitikio kinapita kama jambo la kawaida tu.

Nilsson alipousikia alidhani ni wa Beatles. Mwaka 1971 aliurekodi London na prodyuza Richard Perry. Gary Wright alipiga piano, Paul Buckmaster akapanga vinanda vya nyuzi, na Nilsson akaanza kwa sauti ya chini kabla ya kupanda juu kabisa kwenye kiitikio. Hapo ndipo wimbo ulipozaliwa upya. Mwaka 1972 ulikaa kileleni wiki 4 Marekani na wiki 5 Uingereza, ukampatia tuzo ya Grammy. Ajabu ni kwamba Nilsson alikuwa mtunzi hodari, ila kibao chake kingine kikubwa, "Everybody's Talkin'", nacho kilitungwa na mwingine, Fred Neil.

Watunzi wa "Without You" hawakupata raha. Fedha za Badfinger zilikuwa mikononi mwa meneja wao, Stan Polley, na mwaka 1974 kampuni ya Warner, walikohamia baada ya Apple, ikafungua kesi juu ya fedha za bendi zisizojulikana zilipo. Aprili 1975, mpenzi wake akiwa mjamzito, Ham alijiua akiwa na miaka 27, akaacha barua yenye kumlaumu Polley. Evans aliendelea kuhangaika na migogoro ya mirabaha, na Novemba 1983 naye akajiua.

Nilsson alifariki Januari 15, 1994. Siku chache baadaye toleo la Carey, kutoka albamu ya Music Box, lilitoka Marekani kama wimbo wa pekee. Lilifika nafasi ya 3 huko, na Uingereza likampa namba moja yake ya kwanza. Kwa ufundi wa sauti Carey hana mpinzani, lakini kwa uchungu wa kweli mimi nabaki na Nilsson.

Swansea iliweka kibao cha kumbukumbu ya Ham mwaka 2013. Watangazaji wa redio mnaoupiga wimbo huu usiku katika vipindi vya mahaba, watajeni na Ham na Evans.