Matcha: Chai Iliyosahauliwa Kwao, Ikatunzwa Ugenini



Bibi harusi mmoja wa hapa Unguja anahamia Malambo, Wilaya ya Ngorongoro, ambako mumewe anasomesha skuli. Akiwa anafunga masanduku aliniuliza: "Dada, nibebe matcha? Wageni wakija niwape kitu cha kisasa, wasinione sina kitu." Nilicheka, kisha nikaona swali lina uzito. Mwanamke anayeingia ugenini huwaza heshima yake itatoka wapi. Jibu limo katika historia ya matcha yenyewe.

Matcha ni unga wa majani ya mchai, mmea uleule unaotupa chai yetu ya rangi. Waislamu walisikia habari zake mapema. Katika maandishi ya Kiarabu ya mwaka 851 kuhusu safari za wafanyabiashara kwenda China, limetajwa jani liitwalo sakh, chungu kidogo na lenye harufu nzuri, ambalo watu wa huko walilimwagia maji ya moto wakanywa.

Baadaye, enzi za Song, Wachina walizoea kusaga majani ya chai na kuupiga unga wake kwa maji ya moto mpaka ukatoa povu. Mtawa wa Kijapani, Eisai, alirudi kwao kutoka China mwaka 1191 na mbegu za chai, na mwaka 1211 akaandika kitabu kuhusu faida zake kwa afya. Watawa wenzake waliinywa wasisinzie katika ibada zao.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1391 mfalme Hongwu wa China aliamuru asiletewe tena ushuru wa chai iliyogandishwa vipande, bali majani matupu. Desturi ya kusaga ikafifia China. Japani ikaishika. Wakulima wa Uji, karibu na Kyoto, walijifunza kuifunika michai kivuli wiki kadhaa kabla ya kuvuna, na ndiyo sababu unga huwa wa kijani kibichi na ladha yake laini. Mgeni akamtunza mgeni mpaka akawa mwenyeji.

Aliyeipa chai hiyo adabu inayojulikana leo ni Sen no Rikyu (1522–1591). Alipenda chumba kidogo, vyombo vya kawaida, na mlango mfupi ambao kila mtu sharti ainame kupita. Hata askari mwenye cheo aliacha upanga wake nje. Ndani hakuna mkubwa wala mdogo. Kuna mgeni na mwenyeji.

Sasa twende Malambo. Ni nchi ya wafugaji wa Kimasai, kukavu, na chai hailimwi. Chai ya Tanzania ilipandwa na Wajerumani Amani, Usambara, na Rungwe mwanzoni mwa karne ya 20, na kilimo chake cha biashara kikaanza 1926. Leo imeingia mpaka maboma ya Wamasai, ikapikwa na maziwa na sukari. Nyumba ya Kimasai hujengwa na mwanamke, mlango wake ni mfupi, na mgeni huinama kuingia. Anayekamua ng'ombe ni mama mwenye nyumba, na maziwa yaliyomo kikombeni ni yake kuyatoa.

Basi, mwanangu, wenyeji wako wanaijua adabu ya chai kabla ya kopo lako kufika. Kunywa chai yao kwanza. Kumkirimu mgeni ni katika imani, na kuupokea ukarimu wa mwenyeji pia ni adabu.

Ukitaka kuwaonjesha matcha, fanya hivi. Chekecha kijiko kidogo kimoja cha unga bakulini. Chemsha maji, yaache yapoe dakika chache, maana yanayotokota huleta uchungu. Mimina kama robo kikombe, upige kwa kifagio cha mwanzi, ukienda mbele na nyuma upesi hadi povu litoke. Huna kifagio? Tia kwenye chupa yenye mfuniko utikise, ila maji yasiwe ya moto sana. Ikiwa chungu mno kwako, ongeza maziwa, Malambo hayakosekani.

Tahadhari moja, hasa kwa mabibi harusi: chai hupunguza mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye chakula. Usiinywe pamoja na mlo; ngoja kama saa moja. Mjamzito, au mwenye upungufu wa damu, amuulize daktari kwanza, kwani matcha ina kafeini pia.

Na wenye wasiwasi wa dini: matcha tupu ni majani tu. Ibada za watawa tunawaachia wenyewe. Sisi twachukua kinywaji na adabu ya kumheshimu mgeni.

Nilimwambia abebe kopo moja dogo, pamoja na hiliki na mdalasini wa kwetu. Mwenyezi Mungu aijaalie nyumba yake mapenzi na huruma. Amin.