Nyekundu ya Kolo

Vijana wenzangu mnaotengeneza tovuti, hebu niwaulize: hizo rangi mnazitoa wapi? Kompyuta inatupa zaidi ya milioni 16, na bado tunafungua tovuti ya mwenzetu na kuchota buluu ileile.

Twendeni Kolo, kwenye barabara ya kutoka Dodoma kwenda Babati, ukishaupita mji wa Kondoa. Kwenye vilima vile kuna miamba iliyochorwa twiga, tembo, pofu, na watu warefu wembamba wenye nywele za ajabu. Nyingi ni nyekundu, kazi ya wawindaji wa kale, na Wasandawe huhusishwa na jadi hiyo. Jiwe lenye chuma lilisagwa likawa unga, likachanganywa na kitu cha majimaji, basi. Baadaye ikaja nyeupe, nene, mara nyingine imepakwa juu kabisa ya ile nyekundu. Hiyo hunasibishwa na wakulima wa Kibantu.

Sasa hapa ndipo penye jambo. Nyekundu ile kwa asili yake ni kutu, na chuma kilichokwisha kupata kutu hakina pa kuharibikia zaidi. Nyeupe hubanduka upesi. Kwa hiyo tunaposema "wazee walipenda nyekundu", huenda tunasifu tu rangi iliyobaki. Mary Leakey alipokuja kunakili michoro mwaka 1951 alikuta mingi imefifia. Kitabu chake cha mwaka 1983 kimebeba mpaka kwenye jina neno la sanaa inayotoweka. UNESCO iliiweka michoro kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, lakini jua na mvua havisomi orodha. Wapo wageni waliomwagia maji ukutani ili picha ing'ae kwenye kamera (jamani!), na wapo waliochimba chini ya miamba wakitafuta ati mali iliyofichwa na Wajerumani.

Basi ukipiga picha pale, ukachukua kile kidude cha kudonoa rangi na kubonyeza juu ya twiga, namba tatu utakazopata ni za rangi iliyochakaa, chini ya jua la saa ile. Rudi saa kumi jioni upate nyingine. Mimi ningechukua na mwamba wenyewe, ule ukijivu wa kuelekea manjano, maana mchoraji hakuwa na karatasi nyeupe. Ila maandishi mekundu juu ya kahawia hayasomeki. Kanuni za kimataifa za tovuti zinataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa angalau 4.5 kwa 1. Mwamba uupaushe uwe mandhari, nyekundu uitie kidogo, pale unapotaka jicho litue.

Na ukifika usiende kama mtu anayeingia dukani. Kwenye baadhi ya miamba hiyo watu bado wanatambika, wanaomba mvua na uponyaji. Uliza kwanza.