Nyota wenye doa: klabu iwasajili au iwaache?

KILA dirisha la usajili linapofunguliwa barani Ulaya, mbali na majina ya wachezaji ghali na makocha wapya, hujitokeza jina moja au mawili yanayowagawa mashabiki wa klabu ileile kabla mwenye jina hajavaa hata jezi. Wapo wasemao kwamba alilolifanya limepita, adhabu ameitumikia, aachwe acheze. Wapo pia wanaorudisha tiketi zao za msimu na kuapa kutotia mguu uwanjani.

Kwa wapenzi wa soka wa Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, ambao wengi wao huifuata ligi ya Uingereza kwa karibu kuliko ya nyumbani, mjadala huo si mgeni. Lakini mara nyingi hujadiliwa vijiweni kama ushabiki mwingine wowote: mwenye mchezaji humtetea, mpinzani humzomea. Makala haya yanatazama jinsi klabu kadhaa, hasa za Uingereza na Scotland, zilivyolishughulikia jambo hilo, na gharama iliyolipwa na watu ambao hawakuwamo katika mkataba.

Kosa la kwanza katika mjadala huu ni kuyatia makosa yote katika kapu moja. Mchezaji aliyemrukia mtu kwa teke uwanjani, aliyepanga matokeo, aliyeua mtu barabarani kwa ulevi na aliyembaka mwanamke huitwa wote “watovu wa nidhamu”, kana kwamba wametofautiana kwa kiasi tu. Hawakutofautiana kwa kiasi. Wametofautiana kwa aina.

Chukua mfano wa Eric Cantona. Mfaransa huyo alipowasili Leeds United mwanzoni mwa mwaka 1992, kwao alikuwa amekwisha kutangaza kustaafu. Desemba 1991, akiichezea Nîmes, alimtupia mwamuzi mpira na kufungiwa mwezi mmoja. Alipoitwa mbele ya kamati ya nidhamu, aliwaendea wajumbe mmoja baada ya mwingine akiwaita wajinga, na adhabu ikaongezwa kuwa miezi miwili. Klabu nyingi zingemwogopa mtu wa namna hiyo. Leeds ilimchukua, ikatwaa ubingwa msimu huohuo, na Novemba 1992 Manchester United ikamnunua kwa pauni milioni 1.2, bei ambayo hadi leo mashabiki wa Leeds hawapendi kukumbushwa.

Januari 25, 1995, katika uwanja wa Selhurst Park, Cantona alimrukia kwa teke shabiki wa Crystal Palace aliyekuwa akimtukana. Alifungiwa hadi mwisho wa Septemba mwaka huo. Mahakama ilimhukumu kifungo cha wiki mbili, ambacho kwa rufaa kiligeuzwa kuwa saa 120 za kuitumikia jamii, naye akazimaliza kwa kuwafundisha watoto kandanda. Alipotaka kuiacha Uingereza kabisa, kocha Alex Ferguson alimfuata Paris kumsihi abaki. Alirejea Oktoba 1 dhidi ya Liverpool na kufunga penalti. Msimu ulipokwisha, United ilikuwa na ubingwa wa ligi pamoja na Kombe la FA.

Paolo Rossi naye alifungiwa kutokana na kashfa ya kupanga matokeo iliyoitikisa Italia mwaka 1980, ingawa siku zote alikana kuhusika. Juventus ilimsajili mwaka 1981 akiwa bado kifungoni. Alirudi msimu wa 1982 ukiwa umebakiza mechi tatu, akaenda Hispania, akaifunga Brazil mabao matatu peke yake na kumaliza Kombe la Dunia akiwa mfungaji bora kwa mabao sita na medali ya ubingwa shingoni.

Luis Suarez alimng'ata mchezaji wa PSV Novemba 2010 alipokuwa Ajax, akamng'ata Branislav Ivanovic wa Chelsea Aprili 2013, na akamng'ata Giorgio Chiellini katika Kombe la Dunia Juni 2014. Katikati yake alifungiwa mechi nane na kutozwa pauni 40,000 kwa kumtolea Patrice Evra maneno ya kibaguzi. Wiki chache tu baada ya kumng'ata Chiellini, Barcelona ilimsajili akiwa bado anatumikia adhabu ya miezi minne, na msimu wake wa kwanza timu ikabeba mataji matatu makubwa.

Mifano hiyo mitatu ndiyo inayopendwa na watetezi wa “nafasi ya pili”, na si vigumu kuona kwa nini. Yote yalikuwa makosa ya ndani ya mchezo, ambao una kamati zake, vifungo vyake na faini zake, na waliotendewa wengi wao walikuwa wachezaji wenzao wenye uwezo wa kulalamika na kusikilizwa. Tena wote watatu walishinda. Hapo ndipo msomaji anapopaswa kuwa macho: mara nyingi tunaposema fulani “alistahili nafasi ya pili”, tunachomaanisha ni kwamba alifunga mabao.

Kisa kinachofundisha zaidi, kwa maoni ya mwandishi huyu, ni cha Tony Adams, kwa sababu Arsenal haikumsajili akiwa na doa. Alilipata akiwa ndani ya nyumba. Mei 1990 nahodha huyo aligonga ukuta na gari lake akiwa amelewa mara nyingi kupita kiwango cha sheria. Desemba mwaka huo alihukumiwa kifungo cha miezi minne, akakaa gerezani siku 57. Katika msimu mzima wa 1990/91 Arsenal ilipoteza mechi moja tu ya ligi, kwa Chelsea, nayo ilichezwa Adams akiwa korokoroni. Alitoka, akapokewa kwa shangwe, ubingwa ukapatikana.

Kwa mtazamo wa siku zile, mambo yalikuwa yamekwisha. Kumbe hayakuwa yameanza. Adams aliendelea kunywa kwa zaidi ya miaka mitano, huku akivaa kitambaa cha unahodha, hadi Septemba 1996 alipotangaza hadharani kuwa ni mlevi aliyeshindwa kujizuia. Klabu ilikuwa imemwachia nafasi yake katika ulinzi, lakini ugonjwa haukuguswa. Baada ya kupata nafuu aliiongoza Arsenal kutwaa ubingwa na Kombe la FA mwaka 1998, na mwaka 2000 alianzisha kituo cha Sporting Chance kinachowatibu wanamichezo wenye matatizo ya pombe, kamari na hasira.

Mmoja wa waliopita katika kituo hicho ni Joey Barton. Newcastle United ilimnunua kutoka Manchester City mwaka 2007 kwa bei iliyotajwa kuwa pauni milioni 5.8, muda mfupi baada ya kumpiga mwenzake Ousmane Dabo mazoezini, na miaka michache baada ya kumchoma jicho kijana wa klabu kwa sigara. Hakuna aliyeweza kudai kuwa hakujua. Desemba mwaka huohuo Barton alimshambulia mtu mjini Liverpool, na Mei 2008 akafungwa miezi sita. Newcastle ilikuwa imenunua kiungo bila kujiuliza inafanya nini na mtu.

Ugumu wa kweli huanza pale aliyeumizwa anapokuwa mtu wa nje, asiye na jezi wala wakala. Mshambuliaji Lee Hughes wa West Bromwich Albion alisababisha kifo kwa kuendesha gari kwa hatari mwaka 2003, akakimbia na kujisalimisha polisi zaidi ya siku moja baadaye. Alifungwa miaka sita na klabu ikamfukuza. Aliachiwa Agosti 2007 baada ya miaka mitatu, Oldham Athletic ikamsajili, na msimu wa 2009/10 akaifungia Notts County mabao 30 ya ligi.

Mlinda mlango Luke McCormick, akirejea kutoka harusini Juni 2008 akiwa amelewa, aligonga gari la familia na kuwaua ndugu wawili, watoto wa umri wa miaka 10 na 8. Alihukumiwa miaka saba na miezi minne. Mwaka 2013 alirudi Plymouth Argyle, klabu ileile aliyokuwa akiidakia siku ya ajali.

Sheria ya Uingereza haikukiukwa katika kumsajili yeyote kati ya hao wawili. Mfungwa akimaliza kifungo ana haki ya kufanya kazi, na jamii inayomzuia mtu asipate riziki humsukuma arudi alikotoka. Kama Hughes angekuwa fundi bomba, nani angeandika makala? Hoja hiyo ni nzito. Lakini fundi bomba hashangiliwi na maelfu ya watu kila Jumamosi, wala jina lake halisomwi redioni wakati familia ya marehemu imekaa mezani. Kazi ni haki ya kila mtu. Kushangiliwa si sehemu ya haki hiyo.

Tofauti hiyo ilidhihirika katika kisa cha Ched Evans. Mshambuliaji huyo wa Sheffield United alitiwa hatiani kwa ubakaji Aprili 2012 na kufungwa miaka mitano. Alipoachiwa Oktoba 2014, klabu ilikubali afanye mazoezi. Watu zaidi ya 150,000 walitia saini kupinga, na bingwa wa Olimpiki Jessica Ennis-Hill akataka jina lake liondolewe kwenye jukwaa la uwanja iwapo Evans angepewa mkataba. Klabu ikarudi nyuma. Oldham nayo ilijaribu Januari 2015 ikaacha, baada ya wadhamini kutishia kujitoa na watumishi wa klabu kutishiwa maisha.

Kisha mambo yakageuka. Aprili 2016 Mahakama ya Rufaa iliifuta hukumu ile, na Oktoba mwaka huo, kesi iliposikilizwa upya, Evans alionekana hana hatia. Wakati huo alikuwa amekwisha kusajiliwa na Chesterfield. Waliosema miaka miwili kabla kwamba klabu zisimguse walijikuta katika hali ngumu, na ni haki kulikiri hilo. Lakini haki hiyohiyo inataka likumbukwe pia la mwanamke aliyekuwa mlalamikaji: jina lake, linalolindwa na sheria, lilisambazwa mtandaoni na mashabiki, watu tisa wakaadhibiwa mahakamani mwaka 2012 kwa kitendo hicho, naye akalazimika kubadili jina na makazi. Hayo aliyapata kwa sababu mhusika alikuwa mfungaji wa mabao na si mtu wa kawaida.

Mara nyingine hakuna hukumu kabisa. Mashitaka dhidi ya Mason Greenwood yalifutwa Februari 2023, na hakuwahi kutiwa hatiani. Manchester United ilifanya uchunguzi wake, ikasema imeridhika kuwa hakutenda makosa aliyoshitakiwa, na papo hapo ikatangaza kuwa hatavaa tena jezi yake. Alikwenda Getafe kwa mkopo, kisha Marseille mwaka 2024. Klabu iliyoamini kuwa hana kosa ilimwondoa, nyingine zikamchukua kwa sababu anajua kufunga. Kati ya maamuzi hayo, hakuna hata moja lililomweleza shabiki ni kipimo gani kilichotumika.

Ukweli ni kwamba kipimo hakipo. Tangu mwaka 2004 ligi za Uingereza zina utaratibu wa kumchunguza anayetaka kumiliki klabu au kuwa mkurugenzi, na mtu mwenye hukumu za udanganyifu huweza kuzuiwa. Mchezaji hupimwa goti, moyo na mapafu kabla ya kutia saini. Maisha yake huachwa mikononi mwa mwenyekiti na wakala, usiku wa mwisho wa dirisha la usajili.

Katika hali hiyo, klabu inayotaka kumchukua mchezaji mwenye doa inapaswa angalau kujibu maswali kadhaa mbele ya watu wake: kama adhabu imekwisha, kama mhusika amekubali alilolitenda, nani atamsimamia na kwa muda gani, na kama ingemchukua lau asingekuwa na kipaji. Hilo la mwisho ndilo linalowaumbua wengi. Isipoweza kuyajibu, ni afadhali imwache. Na kwa makosa ya kumdhuru mtu asiyeweza kujitetea, watu wa kuulizwa kwanza si mashabiki wala wadhamini.

Raith Rovers ya Scotland haikuuliza. Januari 31, 2022 ilimsajili David Goodwillie, ambaye mwaka 2017 jaji wa kesi ya madai alimwona alimbaka mwanamke na kumwamuru, pamoja na mwenzake, walipe fidia ya pauni 100,000. Kesi ya jinai haikufunguliwa kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Klabu ilieleza kuwa huo ulikuwa kwanza uamuzi wa kisoka. Mwandishi wa riwaya Val McDermid, mdhamini na shabiki wa maisha yote, akajitoa. Nahodha wa timu ya wanawake akaondoka. Siku chache baadaye klabu ikaomba radhi na kutamka kuwa Goodwillie hatacheza.

Jambo la ajabu ni kwamba kabla ya hapo mchezaji huyo alikuwa Clyde kwa takriban miaka mitano, akiwa nahodha, na kelele zilikuwa chache. Clyde ilipojaribu kumrudisha kwa mkopo Machi 2022, safari hii hali ilikuwa nyingine: wachezaji wa timu ya wanawake waliachia ngazi, na halmashauri inayomiliki uwanja ikampiga marufuku kuingia. Mkopo ukavunjwa. Timu ya wanawake ya Raith, kwa upande wake, ilikuwa imekwisha kukata uhusiano na klabu, ikaanza kucheza kwa jina jipya: McDermid Ladies.