Mapenzi ya Kwanza na Sikio la Msikilizaji

Tarehe 18 Julai 1816 Jane Austen aliimaliza riwaya yake ya Persuasion, au alidhani ameimaliza. Haukupita muda akauona mwisho wake kuwa dhaifu, akauvunja na kuujenga upya, na mwanzoni mwa Agosti kazi ikatimia. Sura alizozikataa zingalipo katika Maktaba ya Uingereza, mjini London, kwa mwandiko wake mwenyewe. Mtu azisomaye kando ya zile zilizochapishwa huona jambo ambalo wanaoisikiliza riwaya hii leo kwa sauti iliyonaswa wangefurahi kulijua: katika mwisho wa kwanza wapendanao walirudiana kwa macho, katika mwisho wa pili walirudiana kwa sikio.

Anne Elliot alikuwa na umri wa miaka 19 alipochumbiwa na Frederick Wentworth, ofisa wa manowari asiye na mali. Lady Russell, rafiki wa marehemu mama yake, alimshawishi auvunje uchumba ule, naye akauvunja. Miaka minane baadaye, mwaka 1814, Wentworth alirejea akiwa nahodha aliyetajirika kwa ngawira ya vita. Wakakutana katika nyumba za jamaa, wakaketi meza moja, wala hawakusemezana ila kwa adabu tupu. Basi kila mmoja alibakiwa na njia moja tu ya kuujua moyo wa mwenziwe, nayo ni kusikia asemayo kwa watu wengine. Nyuma ya ua wa miti Anne alimsikia Wentworth akimsifu msichana mwingine kwa uthabiti wa nia. Na sifa ile, ingawa haikumtaja, ilikuwa ni hukumu juu yake.

Katika rasimu ya kwanza mambo yalimalizwa kwa wepesi, na pengine kwa wepesi mno. Wentworth alitumwa kumwuliza Anne kama ni kweli kwamba ataolewa na binamu yake. Anne akakanusha, kisha wakatazamana, na macho yakasema yaliyobaki. Austen hakuridhika. Katika sura mpya aliwaweka wote wawili ndani ya chumba cha hoteli ya White Hart, mjini Bath. Wentworth anaandika barua ya shughuli nyingine. Anne anajadiliana na Kapteni Harville juu ya nani asahauye upesi, mwanamume au mwanamke. Mara mlio mdogo unasikika: kalamu ya Wentworth imeanguka. Anne anashtuka kuona kwamba yu karibu kuliko alivyodhani. Harville anataja vitabu vyote vinavyowashutumu wanawake kwa kigeugeu. Anne anavikataa, kwa kuwa kalamu imekuwa mikononi mwa wanaume siku zote. Anaendelea kusema kwamba mwanamke hudumu kupenda hata tumaini likiisha. Haya anamwambia Harville, lakini yanampata mtu mwingine.

Wako wanaoshikilia kwamba kusikiliza kitabu si kusoma. Hoja hiyo ingaliwashangaza watu wa nyumba ya Chawton, ambako riwaya zilisomwa kwa sauti jioni. Mwaka 1813, Pride and Prejudice ilipotoka, Austen alimlalamikia dada yake katika barua kwamba mama yao aliisoma mbio mno, na kwamba hakuweza kuwasemesha watu wa kisa kama ipasavyo. Mwandishi alijua kitu kinachoharibika msomaji akiwa mbaya. Sauti iliyonaswa ilikuja baadaye sana, tena kwa haja kubwa: Uingereza ilitoa vitabu vyake vya kwanza vya kusikilizwa mwaka 1935, kwa ajili ya vipofu, wakiwamo askari waliopofuka katika vita vya 1914 hadi 1918. Upande mmoja wa sahani ya santuri ulichukua dakika 25 hivi, na riwaya moja ilihitaji sahani kama kumi. Tangu 2005 wasomaji wa kujitolea wa LibriVox wameinasa Persuasion zaidi ya mara moja, na yeyote huweza kuisikiliza bila malipo.

Hata hivyo, pana mahali ambapo sauti hupungukiwa. Wentworth, akiwa hawezi kusema mbele za watu, huvuta karatasi nyingine na kumwandikia Anne yale aliyokuwa nayo moyoni kwa miaka minane na zaidi. Barua hiyo haikusemwa na mtu chumbani mle. Msomaji wa santuri hana budi kuisema, naye hulazimika kuchagua: aitoe kwa sauti ya nahodha aliyeiandika, au kwa sauti ya mwanamke anayeisoma? Lolote achaguale, msikilizaji atapata sauti pale ambapo Austen aliweka kimya. Wentworth alikuwa ametoka. Anne aliketi katika kiti kile kile alichokalia mwandishi, akaisoma kwa macho.