Bourse ya Brussels: mto, kaburi, hisa na bia

Ukitoka Grand-Place ya Brussels ukielekea magharibi, baada ya hatua chache unafika ubavuni mwa jengo kubwa la mawe lenye nguzo za mtindo wa Kigiriki na simba wawili wanaolinda ngazi zake. Hilo ndilo Bourse, lililokuwa makao ya soko la hisa la Ubelgiji kwa zaidi ya karne moja. Tangu Septemba 2023 limekuwa na makumbusho ya bia yaitwayo Belgian Beer World. Humo mgeni hasomi vibao na kusonga mbele tu. Anagusa skrini, anasikiliza, ananusa, anaulizwa anapendelea ladha gani, kisha anapanda hadi kwenye baa iliyo juu ya paa, akaonje bia huku akiutazama mji.

Maonyesho hayo yametengenezwa kwa ustadi, na watoto wa zama hizi za kugusa na kubonyeza watayafurahia kuliko vioo na maandishi madogo ya makumbusho ya zamani. Hata hivyo, kwangu mimi historia nzito zaidi ya bia ya Brussels imo kwenye kiwanja chenyewe, katika ardhi iliyolibeba jengo hili. Kwa hiyo namshauri kila anayefika hapa, anayekunywa na asiyekunywa, aanzie chini kabla ya kupanda ngazi.

Chini ya jengo na barabara iliyo ubavuni mwake kuna magofu ya nyumba ya watawa Wafransisko waliofika hapa mwaka 1238. Wanaakiolojia waliyafukua mwaka 1988, na leo yanaonyeshwa kwa jina la Bruxella 1238: kuta za matofali, makaburi, mifupa. Ndani ya kanisa la watawa hao alizikwa Jan wa Kwanza, mtawala wa Brabant, aliyeshinda vita vya Worringen mwaka 1288 na kuliteka eneo la Limburg. Alifariki mwaka 1294 kwa jeraha alilolipata katika mashindano ya mikuki ya wapanda farasi. Alikuwa shujaa wa vita, na pia malenga aliyetunga nyimbo za mapenzi kwa Kiholanzi cha wakati wake.

Sasa sikiliza jinsi bia inavyoingia. Kote Ulaya ya kaskazini, mfalme wa bia wa hadithi anaitwa Gambrinus. Ndiye yule mzee mnene mwenye taji na kombe linalofurika povu, ambaye picha yake imebandikwa kwenye chupa na milango ya baa za nchi nyingi. Moja ya nadharia za asili yake inasema Gambrinus si mwingine bali ni Jan Primus, yaani Jan wa Kwanza, jina lake la Kilatini likiwa limepinda kadiri lilivyopita midomoni mwa watu. Wapo wataalamu wenye maelezo mengine, na jambo hili halitaamuliwa kwa ushahidi wa maandishi. Lakini Wabelgiji wengi wanamshikilia Jan wao. Kama wako sahihi, basi makumbusho ya bia yamejengwa juu ya kaburi la mfalme wa bia, na jengo lililoyapokea halikuchaguliwa kwa sababu hiyo hata kidogo.

Kanisa hilo halikudumu. Vita vya dini vya karne ya 16 vililiharibu, na Agosti 1695 majeshi ya Ufaransa yakiongozwa na Villeroy yaliupiga mji kwa mizinga hadi katikati yake ikabaki majivu. Nyumba nzuri za Grand-Place tunazozipiga picha leo zilijengwa upya baada ya moto huo. Mojawapo ni L'Arbre d'Or, nyumba ya chama cha wapika bia, ambayo hadi leo iko mikononi mwa wenye viwanda vya bia. Watawa nao walirudi, wakajenga tena, kisha wakafukuzwa mwishoni mwa karne ya 18 chini ya utawala wa Wafaransa. Kiwanja kikawa soko la siagi.

Hatua chache kutoka hapo ulipita mto Senne. Brussels ilizaliwa kwenye visiwa vya mto huo, pale Saint-Géry, ng'ambo ya barabara inayopita mbele ya Bourse. Kwa karne nyingi wapika bia, watengeneza ngozi, wapiga rangi za nguo na wauza samaki waliishi kwa maji yake, na wote waliyarudishia uchafu wao. Kufikia katikati ya karne ya 19 mto ulikuwa mtaro wa kinyesi uliopita katikati ya nyumba za maskini. Mwaka 1866 kipindupindu kiliua zaidi ya watu 3,000 mjini. Meya Jules Anspach akaamua mto ufunikwe. Kati ya 1867 na 1871 Senne iliingizwa kwenye mahandaki ya matofali, mitaa ya maskini ikabomolewa, na juu yake zikapita barabara pana za mtindo wa Paris. Waliohamishwa walibanana katika mitaa mingine, na barabara mpya ikaja kuitwa kwa jina la meya.

Katika karne ya 20 maji yenyewe yaliondolewa, yakapelekwa kwenye mkondo mwingine pembezoni mwa mji, na mahandaki ya zamani yakapewa kazi mpya. Tangu 1976 zinapita humo tramu za chini ya ardhi. Anayeshukia kituo cha Bourse anashukia kwenye njia ya mto.

Msanifu aliyehusika na kuufunika mto, Léon Suys, ndiye aliyechora Bourse. Jengo lilianza kujengwa mwaka 1868 na kufunguliwa mwaka 1873. Miongoni mwa mafundi waliochonga mapambo yake alikuwamo kijana wa Kifaransa asiyejulikana bado, Auguste Rodin, aliyekuja Brussels kutafuta riziki. Vikundi vya sanamu vinavyowakilisha Asia na Afrika kwenye jengo hili vinanasibishwa na mkono wake. Msomaji wa Kiswahili atazame juu, aitafute hiyo Afrika ya jiwe, kisha akumbuke kilichokuja kununuliwa na kuuzwa chini yake.

Kwa maana hisa za makampuni ya Kongo ziliuzwa hapa. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilichimba shaba kwa mikono ya vibarua walioletwa kutoka mbali, na Kiswahili kikawa lugha ya kambi zake na baadaye lugha ya mji mzima wa Lubumbashi. Mwenye hisa aliyesimama kwenye ukumbi huu alijua bei ya karatasi yake kwa senti, wala hakulazimika kumjua aliyekuwa shimoni. Bia nayo ilisafiri kwa meli zilezile. Mwaka 1923 mtaji wa Wabelgiji ulianzisha Brasserie de Léopoldville, ambayo baadaye iliitwa Bralima, na bia yake, Primus, ikaenea hadi Bukavu. Mwaka 1955 ikafuata Brarudi huko Bujumbura, na mwaka 1957 Bralirwa huko Gisenyi, kando ya ziwa Kivu. Watu wa Maziwa Makuu wanaoiagiza Primus jioni wanatumia jina ambalo nchini Ubelgiji pia hubandikwa kwenye chupa, kwa heshima ya yule Jan aliyezikwa hapa.

Ipo sura moja ya historia hii ambayo ningependa kila Mwafrika anayeingia Belgian Beer World awe nayo kichwani. Mwaka 1957, baada ya kutoka gerezani, Patrice Lumumba alihamia Léopoldville na kupata kazi katika kiwanda cha bia cha Bracongo. Kazi yake ilikuwa kuinadi bia ya Polar, iliyoshindana na Primus. Alizunguka baa za mitaa ya Waafrika, akizungumza, akinunulia watu vinywaji, akisikiliza malalamiko yao. Katika mji ambao mkoloni aliubana mkutano wa siasa, baa ilikuwa mahali ambapo watu wengi wangeweza kukaa pamoja bila kuomba kibali. Oktoba 1958 chama chake, MNC, kilizaliwa, na wengi waliomsikiliza walikuwa wamekwisha kuizoea sauti yake. Januari 1960 viongozi wa Kongo walikaa meza moja na Wabelgiji hapa Brussels kujadili uhuru, naye Lumumba, aliyekuwa amefungwa tena, akatolewa kifungoni ili ahudhurie.

Ukumbi wa Bourse ulinyamaza katika miaka ya 1990, kompyuta zilipochukua nafasi ya madalali waliokuwa wakipigiana kelele. Mwaka 2000 soko la Brussels liliungana na yale ya Paris na Amsterdam kuunda Euronext, na hatimaye likahama kabisa. Jengo likabaki likitafuta kazi. Machi 2016, baada ya mashambulizi ya kigaidi katika uwanja wa ndege na kituo cha metro cha Maelbeek, wananchi hawakuambiwa na mtu waende wapi. Walikwenda mbele ya ngazi za Bourse, wakaweka maua na mishumaa na kuandika kwa chaki juu ya lami.

Mwaka huohuo ulikuwa mkubwa kwa bia ya Ubelgiji. Novemba 2016 UNESCO iliuweka utamaduni wa bia wa Ubelgiji kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika, ikizitaja aina zinazokaribia 1,500. Mwezi mmoja tu kabla ya hapo, kampuni ya AB InBev, yenye makao yake Leuven, mwendo mfupi kwa treni kutoka Brussels, ilikamilisha ununuzi wa SABMiller, na kwa ununuzi huo Tanzania Breweries ikaingia katika himaya yake. Anayekunywa Kilimanjaro au Safari jijini Mwanza anachangia, kwa kiasi chake, faida inayohesabiwa Leuven. Urithi unaosifiwa ni wa watawa wa Westmalle na Orval, wa familia za vijijini na mapipa yao. Lakini urithi huo umepungua: mwanzoni mwa karne ya 20 viwanda vya bia nchini Ubelgiji vilizidi 3,000, na kufikia mwisho wa karne vilikuwa vimebaki kidogo zaidi ya 100. Vita vya Kwanza vya Dunia vilivimeza vingi, kwani Wajerumani waling'oa masufuria ya shaba ili wayayeyushe, na vikubwa vikanunua vilivyosalia. Makumbusho ya bia ndani ya soko la hisa la zamani ni mahali pa haki kabisa pa kuzieleza pande zote mbili za habari hiyo.

Lakini mto uliozikwa haukufa wote. Bonde la Senne ndilo nyumbani kwa lambiki, bia ambayo mpishi wake haitii hamira. Baada ya Bourse, nenda Anderlecht, mwendo wa kama nusu saa kwa miguu, kwenye kiwanda cha Cantillon kilichoanzishwa mwaka 1900 na ambacho tangu 1978 kinawaruhusu wageni waingie kama makumbusho. Hapo hakuna skrini ya kugusa. Kuna sakafu yenye unyevunyevu, harufu ya mbao na ya matunda yaliyochacha, na utando wa buibui ambao hauondolewi, kwa sababu buibui huwala wadudu wanaovutwa na cheri.

Panda hadi darini uone beseni la shaba, pana kama chumba, lenye kina kifupi. Uji wa ngano na kimea cha shayiri, uliochemshwa kwa saa nyingi na maua ya hopsi yaliyozeeka, humiminwa humo ungali unatoa mvuke, na kuachwa usiku kucha. Kuta zina nafasi zinazopitisha upepo. Vijidudu vya hewani hushuka vyenyewe. Mgema wa Tanga au Kilifi hahitaji kuelezwa zaidi: tembo la mnazi, tamu asubuhi, jioni limechachuka bila mtu kulitia kitu. Tofauti ni subira. Lambiki huingia kwenye mapipa ya mbao na kukaa mwaka, miwili, hata mitatu, kisha mpishi huchanganya changa na kongwe, huijaza chupani ichachuke tena, nayo inaitwa geuze. Ni kali, chachu, kavu, haina ukarimu kwa asiyeizoea. Moja ya hamira zinazoifanya kazi hiyo wanasayansi wameipa jina la mji wenyewe, Brettanomyces bruxellensis.

Kazi hii inawezekana katika miezi ya baridi tu. Usiku ukiwa na joto, uji haupoi kwa kasi inayotakiwa, na vijidudu vibaya huwatangulia vizuri. Novemba 2015 usiku ulikataa kupoa, na Cantillon walilazimika kusimamisha upishi wakingoja baridi irudi. Wenye kiwanda wanasema msimu wao umekuwa ukifupika toka enzi za babu yao.